Mbuzi Anayezipongeza Chupa za Chai

Siku niliyoanza kumdharau yule mbuzi kwa moyo wangu wote, mjukuu wangu hakuwepo hata mbele yake. Mama yake alikuwa amempeleka chooni. Mimi nilikuwa nimeingia dukani kutoka juani, nimekaa kwenye stuli ya plastiki nyuma ya kaunta, napumua. Ni duka la mkwe wangu, fremu nyembamba ya vyombo vya jikoni pale Kariakoo: masufuria yaliyopangwa moja ndani ya jingine hadi darini, sahani za bati, mabeseni, na chini kabisa, mkabala na runinga, chupa za chai zimekaa safu kwa safu kama watoto wanaomsubiri mwalimu mkekani.

Mwalimu akatokea kwenye runinga. Ni mbuzi wa kijani mwenye tai nyekundu, anasimama kwa miguu ya nyuma. Akanyooshea ukwato herufi moja kubwa iliyokuwa ikirukaruka, akauliza kwa sauti tamu kama shira, "Je, rafiki yangu, unaijua herufi hii?" Akatega sikio. Chupa za chai zikanyamaza. Mbuzi akatikisa kichwa kwa furaha. "Ni M! Umepatia! Wewe ni bingwa!" Nyota zikamwagika, ngoma zikalia, na chupa za chai zikabaki zimekaa na ubingwa wao.

Nimefundisha darasa la kwanza katika shule za serikali tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu. Nimewaona walimu wavivu, walimu wakali, na walimu waliouza maandazi katikati ya somo la hesabu. Sijawahi kumwona mwalimu aliyeipongeza chupa.

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa anamaliza chekechea. Kila mchana mama yake alimchukua shuleni na kumleta dukani, kwa sababu baba na mama wote wako dukani hadi jioni. Ndivyo Kariakoo inavyolea watoto wake. Wanalala juu ya marobota, wanakula kwenye kaunta, wanajua bei kabla ya kujua siku za wiki. Hilo silidharau. Nimewaona watoto waliokulia juu ya marobota ya vitenge wakawa watu wazima wenye akili timamu na adabu zao. Ninachokidharau kilikuwa kimepigiliwa ukutani juu ya mabeseni, kinawaka tangu mlango unapofunguliwa.

Mkwe wangu ni mtu wa Kilimanjaro, mchapakazi, mpole kwa mke wake, hana maneno ya ovyo. Kasoro yake ni moja tu: anaamini kila kitu kinaweza kuagizwa kutoka mahali fulani na kufika kikiwa kimefungwa vizuri. Masufuria yanakuja hivyo, mabeseni yanakuja hivyo, na kusoma nako kutakuja hivyo.

"Mama," aliniambia siku moja, akifuta vumbi kwenye runinga kwa upole ambao sijawahi kumwona akiutumia kwenye masufuria, "siku hizi mtoto hafundishwi. Anawekewa."

Jirani yake wa fremu ya mapazia, mwanamke mcheshi ambaye mdomo wake haupumziki, alikuja kila mchana kumtazama mtoto akiimba pamoja na mbuzi. Mtoto aliimba kweli. Aliijua ngoma yote, alijua pa kuruka na pa kupiga makofi, na mbuzi aliposema "Ni M!" naye alisema "Ni M!" karibu kwa pumzi ileile, kama mwitikio wa kwaya.

"Shikamoo mama," jirani akanisalimu.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu si mtoto, ni profesa. Atatuajiri wote humu. Hata wewe itabidi ufundishwe upya."

"Nitashukuru," nikasema. "Mimi nilifundishwa na watu tu."

Akacheka, akarudi kwenye mapazia yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza yule profesa swali moja akakaa kimya kusubiri jibu. Hilo nililiona mapema, lakini mama mkwe hana kiti katika duka la mkwe wake. Ana stuli tu.

Ikafika siku ya usaili. Mkwe wangu alikuwa amechagua shule ya kulipia, yenye geti na bustani na sare ya rangi mbili. Ipo shule ya serikali hatua chache kutoka nyumbani kwao Mchafukoge, ambayo haimuulizi mtoto kitu zaidi ya umri wake, lakini ukimtajia mkwe wangu anakutazama kama umemshauri auze vyombo vilivyopasuka. Basi tukaenda wote, wamenichukua mimi kama mwalimu mzee wa kuleta baraka. Usaili ulifanyika ukumbini. Wazazi walikaa kwenye mabenchi nyuma, watoto waliitwa mmojammoja kwenye meza mbele, ambako alikaa mwalimu kijana mwenye kadi.

Mjukuu wangu alikwenda akitembea kama bibi harusi. Alikaa, akaweka mikono mapajani.

Mwalimu akainua kadi. "Hii ni herufi gani?"

Mtoto akaitazama kadi, akamtazama mwalimu, akatabasamu. Akanyamaza.

"Hii ni herufi gani, mwanangu?"

Tabasamu likazidi. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kuinuka kidogo kutoka mapajani, tayari kwa kitu. Mwalimu akasubiri kidogo, akatazama msururu wa watoto waliobaki, akasema, "Ni M."

Mjukuu wangu akapiga makofi. Akaruka kwenye kiti, akapiga makofi kwa nguvu, akageuka kututazama sisi huku nyuma, uso wote unang'aa. Wazazi wengine wakacheka. Mkwe wangu naye akaanza kupiga makofi, kisha akaona yuko peke yake, akaiweka mikono mfukoni.

Kadi ya pili ikawa hivyohivyo. Kimya, tabasamu, jibu la mwalimu, makofi. Kwenye kadi ya tatu mwalimu alifikiri anadhihakiwa, nikaona shingo yake inakaza. Kwenye kadi ya nne alifikiri jambo baya zaidi. Akamwita mama wa mtoto mbele, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo walimu tunadhani watoto hawaisikii, "Mtoto wenu ni mzito kidogo. Tutawapa nafasi ya kurudi mara moja kabla ya shule kufunguliwa. Ikishindikana, afadhali arudie chekechea na wadogo zake."

Tulirudi kwa miguu hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani. Wazazi walitangulia bila kusemezana. Mimi nilimshika mtoto mkono.

"Ile kadi ya kwanza," nikamuuliza, "ulikuwa huijui?"

"Naijua. Ni M."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa namsubiri aseme." Alinitazama kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyechelewa kuelewa. "Mbuzi huwa anasema mwenyewe."

Tukatembea kidogo.

"Bibi, yule mwalimu hakusema nimepatia hata mara moja."

"Nimeona."

"Bibi, mzito ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu ambaye mwalimu wake ana haraka," nikamwambia. Lakini nilimwona analibeba lile neno, na nilijua kwa uzoefu kwamba mtoto akilibeba neno hilo hadi darasa la pili, halitui tena. Nimewafundisha watoto waliokuja kwangu nalo. Unawapa herufi wanazozijua vizuri, nao wanainamisha kichwa kabla hata ya kutazama.

Hebu nieleze jambo hili taratibu, maana si gumu, na mzazi yeyote anaweza kulielewa akikaa chini. Kusoma kuna sehemu tatu. Mtoto anaona alama. Kisha anaichimba sauti yake kichwani mwake mwenyewe. Kisha anaitoa mdomoni. Kazi yote iko katikati, pale anapochimba, na kazi hiyo haina sura. Kwa nje inafanana na uzembe: mtoto ametulia, macho yameganda, mdomo umelegea. Mwalimu mzuri anaijua sura hiyo na anaiacha ifanye kazi yake. Mbuzi hawezi kuiacha, kwa sababu hana masikio, na kipindi chake kina dakika zake. Kwa hiyo anauliza, anavuta pumzi, anampokonya mtoto kazi, anaifanya yeye, kisha anampongeza mtoto kwa kupokonywa. Watoto si wajinga. Hujifunza kile hasa wanachofundishwa. Mjukuu wangu alifundishwa kwamba ukiulizwa, nyamaza kwa adabu, jibu litatoka kwa aliyeuliza, kisha zitakuja nyota. Alijifunza vizuri sana. Alikuwa mwanafunzi bora wa mbuzi.

Sikatai kwamba mbuzi alikuwa amempa kitu. Maumbo ya herufi alikuwa nayo, na nyimbo zilimwekea sauti nyingi kichwani. Lakini hata kasuku unaweza kumpa hivyo, na kasuku angalau anajua kunyamaza.

Mkwe wangu alilitafakari tatizo siku nzima, na kesho yake akalitatua kama mfanyabiashara. Alinunua runinga kubwa zaidi.

Niliikuta imeshapigiliwa. Mbuzi sasa alikuwa na ukubwa wa mbuzi wa kweli. Ukimtazama kwa karibu uliona hata mshono wa tai.

"Ile ya kwanza ilikuwa ndogo, mama," akaeleza. "Herufi zilikuwa hazimfikii vizuri."

Hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi wa kusini. Kwetu mama mkwe na mkwe hawarushiani maneno makali uso kwa uso. Ni aibu kwa wote wawili. Ukiwa na la kumwambia mkwe wako, unampitishia mtoto, hata kama mkwe mwenyewe amekaa umbali wa mkono. Yeye ni wa kaskazini, lakini alioa kwetu na akaizoea desturi hii kwa heshima zote, jambo ambalo ninamsifu nalo.

Nikamkalisha mtoto magotini. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako kwamba bibi amesema runinga ni nzuri sana."

"Baba, bibi amesema tivii ni nzuri sana."

"Mwambie asante," mkwe wangu akasema, akipanga vifuniko.

"Mwambie kwamba hata ikiwa kubwa kama uwanja, mbuzi bado hana masikio."

"Baba, mbuzi hana masikio." Mtoto akageuka kunitazama. "Anayo, bibi. Marefu."

"Mwambie baba yako aniachie rimoti mchana, mpaka siku ya kurudi shuleni."

Mkwe wangu aliacha vifuniko. Alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa ananiheshimu na pia alikuwa amenunua runinga. "Mwambie bibi," akasema mwishowe, "rimoti achukue. Ila isizimwe. Wateja wanaipenda."

"Haitazimwa," nikasema, na nikasahau kumpitishia mtoto.

Basi mchana uliofuata tulikaa mimi na mjukuu wangu, yeye kwenye beseni lililopinduliwa, mimi kwenye stuli. Mbuzi akaja. Akaonyesha herufi, akauliza kama anaijua rafiki yake, akatega sikio. Nikabonyeza. Mbuzi akaganda, ukwato juu, mdomo wazi, sura yake ya kijinga imebaki kioo kizima. Nitakiri kwamba ilinipendeza.

"Bibi, bonyeza," mtoto akasema.

"Kwa nini?"

"Ili aseme."

"Nataka useme wewe."

"Yeye ndiye anajua."

"Na wewe?"

Akanyamaza, akatabasamu lile tabasamu la usaili. Nikatabasamu nami. Akasubiri. Nikasubiri. Nje kipaza sauti kilikuwa kinazungusha mapazia, mapazia, bei ya kutupa, mapazia. Tabasamu lake likachoka, likaondoka. Macho yakaganda. Mdomo ukalegea kidogo. Nikaiona ile sura niliyoisubiri, ile ya kuchimba, na ndipo jirani wa mapazia akachungulia.

"Mama, imekwama hiyo?"

"Haijakwama. Inasubiri."

"Inasubiri nini? Si ni S hiyo! Profesa, sema S!"

"Ni S," mtoto akasema kwa furaha, akapiga makofi, na kazi yote ikaishia hapo.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mbuzi hakuwa peke yake. Kariakoo kimya ni hasara. Mteja akisimama mbele yako akanyamaza, lazima uongee wewe, kwa sababu usipoongea wewe ataongea wa fremu ya pili na mteja ataondoka naye. Watu wale wamekula kwa kuziba kimya cha watu wengine tangu ujana wao. Ukimweka mtoto anayefikiri katikati yao, hawaoni mtoto anayefikiri, wanaona biashara inayoharibika, na kila mmoja anarusha neno kuiokoa. Mteja wa masufuria alirusha B. Mpagazi aliyepita na mzigo kichwani alirusha K, na hata hakusimama. Binti yangu, niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe jikoni, alirusha herufi akiwa anarudisha chenji. Mkwe wangu alijizuia vizuri, lakini midomo yake ilitamka kimyakimya, na mtoto akawa anamsoma baba yake badala ya kusoma herufi. Nilikuwa nimekuja kupigana na mbuzi mmoja, nikakuta nimeingia zizini.

Nikaweka sheria. Mbuzi akiganda, hakuna mtu mzima anayefungua mdomo. Jirani wa mapazia aliniuliza je, akiona moto. Nikamwambia kwanza amsubiri mtoto auone.

"Mama mkali huyu," akamwambia mteja wake. "Mtoto akiulizwa herufi, sisi wote tunakaa kama msibani."

Siku kadhaa zilipita bila kitu. Mtoto aliganda, nami niliganda, kisha muda ukaisha tukaenda nyumbani. Sikumpa jibu hata mara moja. Sikumkaripia pia, maana hapakuwa na kosa. Mtu anayesubiri basi kituoni hakosei. Amesimama tu kwenye kituo ambacho basi lake halipiti.

Halafu mchana mmoja wenye joto, mbuzi ameganda, jirani amejiziba mdomo kwa ncha ya pazia, nikaona midomo ya mjukuu wangu inatafuta. Ikaungana, ikaachana. Akasema, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, "Ssss." Akatazama chini kwenye mzigo. "Ya sufuria."

"Ndiyo," nikasema.

Akasubiri. Nikabaki nimetulia.

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo tu. Ni S, ya sufuria."

"Na nyota?"

"Nyota ni za mbuzi."

Alilifikiria hilo. Sikuona huzuni usoni mwake, niliona hesabu. Kisha akachukua rimoti mkononi mwangu, akabonyeza mwenyewe. Mbuzi akasema, "Ni S! Umepatia! Wewe ni bingwa!"

"Nimeshasema," mtoto akamwambia, kwa dharau ndogo ambayo ilinipa raha kuliko zawadi zote nilizopewa nilipostaafu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Nilikata maboksi ya mzigo vipande vipande, nikaandika kwa kalamu nene: sa se si so su, ma me mi mo mu. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji mchanga. Kinaandikwa kinavyosemwa. Ukishazishika silabi, hakuna mlango unaofungwa mbele yako. Alilalamika mara moja tu.

"Mbona hizi hazichezi?"

"Zimetulia ili uzisome."

Alizisogelea, akagusa moja kwa kidole, kama anayehakikisha kwamba kuku amelala kweli. Kisha akaanza kuziunganisha. Sa na ma zikawa sama, ambalo halina maana kubwa, akalicheka. Su na mu zikawa sumu, akaogopa, akaificha chini ya beseni. Mkwe wangu alikuwa akisikia yote huku akijifanya anahesabu sahani. Hakusema kitu. Kwa mtu wa Kariakoo, hiyo ni sadaka.

Tukarudi shuleni. Ukumbi uleule, mabenchi yaleyale, mwalimu yuleyule, na msururu mrefu kuliko wa kwanza. Binti yangu alibaki dukani kwa sababu alisema moyo wake hautastahimili. Nilikaa na mkwe wangu, kati yetu tumeweka mkoba wangu kwa adabu.

Mwalimu alimkumbuka mtoto, hilo lilikuwa limeandikwa usoni mwake. Akainua kadi ya herufi. Kikapita kimya kifupi, mtoto akasema sauti yake. Kadi nyingine, kimya, akasema. Mwalimu akainua nyusi, akaziacha herufi, akachukua rundo la maneno. Kutoka nyuma niliweza kuliona neno alilochagua: kikapu.

Mjukuu wangu akalitazama. Akanyamaza.

Kimya kikakaa. Ukumbini mtoto mdogo alikohoa, mtu akaburuza benchi. Niliona mgongo wa mjukuu wangu tu, lakini nilijua usoni kuna nini. Mkwe wangu akaegemea juu ya mkoba wangu, akanong'ona, "Mama, amekwama. Si mwalimu amsaidie? Herufi moja tu."

"Baba," nikamwambia mkwe wangu neno kali uso kwa uso, bila mtoto katikati, kwa mara ya kwanza tangu alipomposa binti yangu, "nyamaza. Subiri."

Akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Kule mbele mwalimu alitazama msururu. Akafungua mdomo. "Ki—"

Mjukuu wangu akainua kiganja. "Mwalimu, usiseme. Nasoma."

Mwalimu akafunga mdomo. Sijui kama mtoto yeyote alikuwa amewahi kumzuia. Akaishusha kadi mezani, akaiacha pale, na akasubiri, kwa mara ya kwanza akisubiri kweli.

"Ki," mtoto akasema. Kidole chake kilikuwa kwenye kadi. "Ka." Kimya kirefu kuliko vyote. "Pu. Kikapu."

"Vizuri sana," mwalimu akasema.

Mjukuu wangu hakupiga makofi. Aliinua macho, akamtazama yule mwalimu kwa makini.

"Nimepatia kweli, au unasema tu?"

Mwalimu aliichukua ile kadi, akaisoma upya, kama mtu anayehakikisha mwenyewe. "Umepatia kweli," akasema. Akachukua kalamu, akaandika jina la mtoto kwenye orodha ya waliokubaliwa. Pembeni yangu mkwe wangu aliachia benchi, akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso na macho kwa pamoja ili isijulikane alianza na kipi.

Ningependa niishie hapo, lakini mchana ule tulipitia dukani, na sina budi kuandika nilichokiona huko. Punde mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni akimsimulia jirani, na jirani akawaita wauzaji wa viatu na wa ndoo waje wasikilize.

"Yaani bila ile ndogo kutolewa," alikuwa akisema, ananyooshea kidole runinga, "tusingefika. Siri ni ukubwa. Herufi lazima zimfikie mtoto."

"Inchi ngapi hiyo?" akauliza wa ndoo, ambaye ana mtoto wa chekechea.

Nyuma yao mbuzi alikuwa ametega sikio kuzisikiliza chupa za chai. Zilikuwa zimebaki chache, nyingine zimeuzwa, lakini zilizobaki ziliendelea kupewa ubingwa. Mkwe wangu alinitazama, akaona sura yangu, akatazama pembeni. Ile ruhusa ya ukumbini ilikuwa ya mara moja tu, wote wawili tulijua. Kwa hiyo nikamtafuta mpitishaji wangu. Alikuwa amekaa juu ya beseni lake, shingo imenyooka kuelekea fremu ya pili, ambako jirani ametundika tangazo lake juu ya mapazia: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

"Mjukuu wangu," nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni, "mwambie baba yako—"

"Subiri, bibi," akasema bila kugeuka. Kidole chake kilikuwa hewani, kinafuata maandishi. "Nimefika kwenye ha-i-ru."

Nikakaa kwenye stuli, nikasubiri.